Wanaoanza gemu za kupigana wafundishwe kudungua kabla ya kombo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe hoja kuhusu namna wanaoanza gemu za kupigana wanavyofundishwa.

Mtu akiishika Street Fighter 6 kwa mara ya kwanza na kuuliza aanzie wapi, mara nyingi hupewa orodha ya kombo, yaani mapigo yanayounganishwa bila mpinzani kupata mwanya. Anajifungia katika modi ya mazoezi wiki mbili, anakariri mapigo 12 yanayofuatana, kisha anaingia kwenye pambano na kukutana na mpinzani asiyejua lolote zaidi ya kuruka na kupiga teke. Anapigwa raundi mbili mfululizo, na kombo yake haijapata hata nafasi moja. Hapo huambiwa hana vidole vyepesi. Vidole havina kosa. Kombo hujibu swali la “nimeshampata, sasa nifanye nini?”, naye hajafundishwa namna ya kumpata.

Mpangilio sahihi wa masomo unatokana na saa ya gemu yenyewe. Gemu hizi huhesabu muda kwa fremu, yaani picha moja moja za skrini, na sekunde moja ina fremu 60. Macho ya mtu mwenye afya, akisubiri jambo moja tu, huchukua kama robo sekunde mpaka kidole kibonyeze, yaani fremu 15 hivi. Katikati ya pambano, akili ikiwa na mambo matatu ya kuangalia, hesabu hiyo hupanda kufikia 20 au zaidi. Sasa linganisha: ngumi nyepesi ya Ryu, mmoja wa wahusika wa Street Fighter 6, hufika kwa fremu 4. Hakuna binadamu anayeiona na kuijibu. Kuruka mbele, tangu maandalizi ya kuruka mpaka kutua, ni fremu 40 na ushei. Hilo kila mtu anaweza kuliona na kulijibu. Mwalimu aanze na yale yanayoonekana, na yale ya kubahatisha na kusomana mawazo ayaache kwa baadaye.

Kabla ya hapo, hata hivyo, kuna kutembea. Wengi hulidharau somo hili kwa sababu halina mbwembwe. Mpe mwanafunzi pigo moja tu, tuseme teke la kati la kuchuchumaa la Ryu. Asimame mbele ya mpinzani wa mazoezi asiyesogea, apige, arudi nyuma kidogo, apige tena, mpaka teke lipige hewa. Kisha asogee mbele nusu hatua. Pale ndipo ncha ya mguu inapofika, na umbali huo auzoee mpaka autambue bila kupima. Dakika 10 zinatosha. Baada ya hapo, pambano la masharti: wote wawili wanaruhusiwa kutembea, kukinga, kupiga teke hilo na kumkaba mtu kumbwaga, basi. Hakuna kuruka wala pigo maalumu, yaani lile linalotoka kwa mzunguko wa mwelekeo pamoja na kitufe. Wa kwanza kufikisha ushindi mara tano.

Makosa mawili hujitokeza papo hapo. La kwanza, anayeanza husogea mbele moja kwa moja bila kusita, na kwa kuwa kukinga hufanywa kwa kushika nyuma, kila hatua ya mbele ni hatua isiyo na ngao. Afundishwe kwenda hatua mbili, kusimama, kurudi moja. La pili ni kinyume chake: akiogopa, anarudi nyuma tu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na katika gemu hizi ukingo huo ni kona ya skrini, mahali ambapo kubwagwa mara moja kunaweza kuzaa kubwagwa mara ya pili na ya tatu. Mwanafunzi aone kwamba nafasi iliyo nyuma yake ni akiba inayotumika, kama uhai wenyewe.

Somo la pili ni kumdungua anayeruka, yaani kumpiga angali hewani, na nikilazimika kuchagua somo moja tu, nitachagua hili. Aliyeruka kwa kawaida hawezi kubadili njia yake, na katika Street Fighter 6 hawezi kukinga akiwa hewani. Ukimdungua mara nne mfululizo ataacha kuruka, na pambano zima litarudi ardhini, mahali ambapo somo la kwanza lina faida. Usipomdungua, hakuna ujuzi mwingine utakaokuokoa.

Zoezi lake ni hili. Katika modi ya mazoezi, mrekodie mpinzani vitendo vitatu: kuruka mbele na kupiga, kutembea mbele, na kurusha Hadouken, ule mpira wa nguvu unaopigwa kwa mbali. Viweke vichezwe kwa kubahatisha. Mwanafunzi ajibu mruko tu, na hayo mengine ayakinge. Aanze na ngumi nzito ya kuchuchumaa, asianze na Shoryuken, ile ngumi ya kupaa juu. Shoryuken ni silaha bora zaidi, lakini inadai mbele, chini, kisha mshazari wa chini-mbele pamoja na ngumi, na anayeanza akipewa kazi ya kuona na kazi ya kuzungusha kwa wakati mmoja, zote mbili huharibika. Akifikisha miruko saba kwa kumi kwa kitufe kimoja, ndipo abadilishe.

Akishindwa, chunguza macho yake kabla ya mikono. Karibu kila anayeanza humtazama mhusika wake mwenyewe, ambaye tayari anajua atafanya nini. Atazame miguu ya mpinzani. Kosa jingine ni kubonyeza wakati mpinzani ameshakuwa juu ya kichwa. Hapo ajue kwamba ameshachelewa na akinge tu akiwa amesimama, kwa maana mapigo ya kutoka hewani hayakingwi kwa kuchuchumaa.

Hapo tunaingia kwenye kukinga, na hapa walimu wanaotoka gemu moja kwenda nyingine hupotosha watu. Katika Street Fighter, kukinga umechuchumaa ndiyo hali ya kawaida: huzuia mapigo ya chini na sehemu kubwa ya mengine, isipokuwa ya hewani na yale machache ya kutoka juu, ambayo kwa kawaida ni ya polepole. Katika Tekken mambo ni tofauti. Pigo la kati humpata aliyechuchumaa na ndilo lenye madhara makubwa, hivyo hali ya kawaida ni kukinga umesimama na kuchuchumaa kwa sababu maalumu. Mwanafunzi wa Tekken 8 aliyefunzwa kwa tabia za Street Fighter huinuliwa hewani kila anapoinama, na hajui kwa nini.

Kuna pia tabia ya kubonyeza-bonyeza ukiwa unanyanyuka baada ya kuangushwa. Ni tabia inayomlemaza anayeanza kuliko zote, kwa sababu mpinzani anayejua kazi huweka pigo lake litue katika fremu ile ile ambayo mwili unakuwa hai tena. Kitufe chochote chenye fremu 4 kitakuwa kimechelewa. Dawa yake ni kali kidogo: kwa mapambano 10 mwanafunzi haruhusiwi kubonyeza lolote anaponyanyuka. Akinge, aone. Bila shaka ataanza kukabwa, kwa kuwa mkabo haukingwi. Vizuri. Sasa amekiona mwenyewe kisa cha kuwepo kwa njia ya kujinasua, na ndipo umwoneshe: ngumi nyepesi na teke jepesi kwa pamoja. Ukimfundisha kujinasua kabla hajakabwa vya kutosha, atabonyeza vitufe hivyo kila wakati, na mpinzani atarudi nyuma nusu hatua, amwache akabe hewa, kisha amwadhibu.

Kuadhibu, yaani kumpiga mpinzani ambaye pigo lake umelikinga kabla hajajikusanya, ndilo somo linalomfanya mtu aanze kushinda. Kila pigo lililokingwa humwacha mpigaji na deni au faida ya fremu, yaani fremu anazochelewa au kutangulia kuweza kutenda tena. Shoryuken ikikingwa, mpigaji anabaki na deni la zaidi ya fremu 20, muda wa kutosha kwa pigo zito lolote. Deni la fremu 4 linatosha kwa ngumi nyepesi ya fremu 4, mradi ifike. Umbali ukizidi, deni halina maana. Mwanafunzi hahitaji kukariri jedwali la wahusika wote. Kwa kila mhusika aanze na mapigo mawili yanayomsumbua, ayarekodi, ayakinge, ajaribu kujibu. Makosa ya hapa ni ya pande mbili: wapo wanaobonyeza mapema mno, wakati mwili bado umeganda kwa kukinga, na wapo wanaoendelea kushika nyuma kwa hofu mpaka deni limelipwa.

Sasa ndiyo kombo. Ya kwanza iwe ya mapigo mawili: lile lile teke la kati la kuchuchumaa, kisha Hadouken kabla mguu haujarudi. Inatoka kwenye umbali alioujua tangu siku ya kwanza, ndiyo maana ataitumia. Inafaa wanaoanza wakajua kwamba katika Street Fighter II ya mwaka 1991 kombo hazikupangwa na watengenezaji. Ziligunduliwa wakati gemu ikitengenezwa, zikaachwa. Kanuni ya umbali na muda ilikuwepo kwanza, kombo zikaja juu yake.

Najua watu huvutiwa na mambo makubwa. Wengi waliingia kwa kutazama mashindano ya Evo ya mwaka 2004, Daigo Umehara akiwa na mhusika Ken mwenye uhai wa kiberiti, akizuia mapigo 15 mfululizo ya Chun-Li wa Justin Wong, kisha kushinda. Ni tukio la kutazama tena na tena. Ila lisiwe mtaala. Kombo iliyomaliza raundi ile ilikuja mwishoni tu. Kazi yote ilikuwa katika kumsubiri mpinzani afanye jambo ambalo alikuwa tayari nalo.

Kuhusu vifaa, sina mengi. Pedi au kijiti, vyote vinashinda mashindano. Televisheni iwekwe kwenye modi ya gemu, la sivyo picha inachelewa na mwanafunzi analaumiwa kwa uchelewaji usio wake. Mtandaoni, waya wa mtandao ni bora kuliko Wi-Fi, hata kama Wi-Fi ina kasi, kwa sababu kinachoharibu pambano ni muunganiko unaoyumba: mhusika anaonekana huku, kufumba na kufumbua yuko kule. Na juu ya ule ubishi wa kama anayeanza atumie vidhibiti vya Modern, vile vilivyorahisishwa, ndani ya Street Fighter 6, msimamo wangu ni kwamba anayeanza avitumie bila aibu. Pigo maalumu hutoka kwa kitufe kimoja, na kwa njia hiyo ya mkato hupungukiwa asilimia 20 ya madhara. Ni bei nafuu kwa mtu anayetaka kwanza kujifunza lini alipige.

Kipimo cha Drive, akiba ya nguvu inayolipia mbinu kadhaa za gemu hiyo, nacho kina mtego wake. Kina vipande sita, na anayeanza huvimaliza katika sekunde 10 za mwanzo. Kikiisha, mapigo maalumu anayoyakinga yanaanza kumla uhai, na Drive Impact, pigo zito linalolipiwa na kipimo hicho, ikimkuta kwenye kona anazubaa hata kama ameikinga. Drive Impact yenyewe huchukua fremu 26, kwa hiyo iko upande wa mambo yanayoonekana: irekodi, ichanganye na mapigo mengine, mwanafunzi aijibu kwa yake. Siku ya kwanza ataikosa karibu zote. Baada ya vipindi vichache ataijibu bila kuwaza.

Mwalimu naye ajidhibiti. Kumpiga mwanafunzi mara 30 bila jibu hakumfundishi, na kumwachia ashinde ni kumdanganya. Ajifunge mwenyewe: leo nitaruka sana, kazi yako ni kunidungua. Kesho nitatupa Shoryuken ovyo, kazi yako ni kukinga na kuadhibu. Asahihishe jambo moja kwa kila kipindi, hata akiona makosa tisa. Kipindi cha saa moja kinaweza kuwa dakika 15 za mazoezi, 30 za mapambano, na zilizobaki kutazama marudio ya pambano moja walilopoteza, mkiwa na karatasi: mara ngapi alipigwa kutoka hewani, mara ngapi alibonyeza akinyanyuka, mara ngapi alikabwa. Kundi lenye hesabu kubwa ndilo somo la kesho.

Mwisho nina ombi kwa kurasa za michezo, Mhariri. Makala za gemu hizi huandika mizunguko ya pedi kwa maneno marefu ambayo kila mwandishi ana yake. Wachezaji wana mfumo wa namba unaotokana na kibodi ya hesabu: 7, 8, 9 juu, 4, 5, 6 katikati, 1, 2, 3 chini. 5 ni kutogusa kitu, 6 ni mbele kuelekea kwa mpinzani hata mkibadilishana upande, 4 ni nyuma. Hadouken ni 236 na ngumi, Shoryuken ni 623 na ngumi. Mraba huo wa namba tisa ukichapishwa kwenye kijisanduku kando ya kila makala, msomaji aliyeanza jana ataweza kufuata maelekezo yale yale yanayosomwa na bingwa.

Ni mimi msomaji wenu,
Mkufunzi wa gemu za kupigana