Somo, hatukuiua sisi

Magomeni, Mtwara
23 Juni 2024

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Wabaada ya salamu, sisi huku ni wazima. Mama watoto anakusalimu sana. Goti langu la kushoto, lile la upande wa klachi, ndilo linalonisumbua kila nikiinuka kwenda kuswali. Natumaini barua hii itakukuta huko Tunduru ukiwa na afya, na shemeji yangu naye ameshapata nafuu. Nimeamua kuandika kwa sababu simu hainitoshi. Nikianza kukueleza jambo, salio linakata kabla sijalimaliza, na hili ninalotaka kukueleza leo ni refu.

Lilianza siku ya Idd, mwezi wa nne. Mjukuu wangu yule anayeendesha semitrela la saruji kutoka Msijute alikuja kula pilau kwangu. Wazee wa yadi, yaani wa ile kampuni yetu ya malori ya mkoa, tuliobaki hapa mjini tuko watatu sasa, na wote tulikuwa barazani. Unajua tukikutana mazungumzo ni yale yale. Mmoja alianza na Leyland la tani saba lililokuwa likiwashwa kwa kusukumwa kila asubuhi. Mwingine akamkumbuka utingo wetu aliyekuwa akilala juu ya magunia na kigingi mkononi, ili gari likisita mlimani aruke alitie tairi la nyuma kabla hujamwita. Mimi nikataja ming'oko, vile viazi pori vya Mnazi Mmoja ya Lindi, vilivyochemshwa na chumvi, tuliyokuwa tukila tukisubiri mvua ipungue. Kijana akatusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Babu, mbona mnaisifu hivyo kampuni, na ninyi ndio mlioiua? Mlipakia abiria, mkapakia mizigo yenu, mkauza spea, mpaka ikafa."

Hakusema kwa ubaya, somo. Ndivyo alivyosikia, na ndivyo watu wanavyosema juu ya kila shirika la wakati ule. Lakini pilau ilinikwama kooni. Sikumjibu. Nimekaa na neno lile miezi miwili sasa, na wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemweleza.

Nianze na lililo kweli. Tulipakia. Mimi nilipakia. Wajawazito na wagonjwa niliowapeleka hospitali ya Ligula usiku siwahesabu, maana hao ningewapakia hata leo. Nasema wale waliolipa, ambao pesa yao sikuifikisha ofisini. Ulinigombeza Nanyamba mwaka ule, mbele ya utingo, ukasema gari si la baba yangu. Nilikukasirikia wiki nzima. Ulikuwa na haki, na sijawahi kukuambia mpaka leo hii. Na spea pia ziliuzwa, si na mimi wala wewe, ila tuliwajua waliouza na tukanyamaza. Hayo siwezi kumficha mjukuu wangu.

Lakini je, hayo ndiyo yaliyoiua? Hapo ndipo ninapokataa.

Chukua korosho. Wewe na mimi tumeingia kazini 1974, mzigo uko juu kabisa. Msimu ule wa 1973/74 nchi ilitoa tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka huku kwetu. Unakumbuka tulivyokuwa tukipokezana Newala na bandari? Unashusha magunia asubuhi, unarudi kavu au na mabati na chumvi, usiku unapakia tena. Gunia lilikuwa na kilo 80 hivi, na tani saba ni magunia 80 na ushee, lakini nani alipakia saba? Tulikwenda na tisa, na springi zikalia. Kisha watu wakahamishwa kupelekwa vijijini, mikorosho ikabaki huko nyuma kwenye mahame, majani yakapanda mpaka kwenye matawi. Bei kwa mkulima ikawa haimvuti mtu kufyeka. Ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, maua yakawa meupe kama yamemwagiwa unga, yakakauka. Kufika 1986/87 ikawa tani 16,500 tu nchi nzima. Nimelitazama daftari langu la safari, hili la jalada jekundu: Novemba 1984, mwezi wa korosho, nimepanda Newala mara nne. Mara nne, somo! Miaka kumi nyuma yake ningezimaliza safari hizo kabla ya Ijumaa.

Kampuni ya malori bila mzigo inakula nini? Dereva analipwa, utingo analipwa, mlinzi wa yadi analipwa, na gari limekaa juu ya magogo.

Halafu barabara. Kijana anajua lami, na namshukuru Mungu kwa hilo. Hajui kwamba reli ya Nachingwea ilipofungwa, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, kila kitu cha Kusini kilihamia mgongoni mwa lori: mbegu, sukari, nondo, magodoro ya hospitali, madawati ya shule. Na lori lenyewe lilipita wapi? Juu ya uwanda wa Makonde ni mchanga, unapunguza upepo wa matairi ili upite, ukifika penye kokoto unasimama kupampu kwa mkono. Kuteremka Newala kwenda Masasi ni gia ndogo na dua. Kwako Tunduru ndiyo sitaki hata kuanza. Tulitumwa Songea kufuata mahindi na tumbaku ili magari yasikae bure baada ya msimu, na kila masika tukakwama njiani. Ukikaa porini siku tisa, mzigo umelowa, mafuta yameisha, na springi kuu imekatika, ile safari moja imekula faida ya safari kumi. Hakuna aliyeiba kitu hapo. Ni udongo.

Na njia ya Dar es Salaam, Marendego, Somanga, mpaka kivuko cha Ndundu. Nimewahi kuwaona wanawake wa pale wakitupikia uji kama tuliofiwa. Tulikata miti tukatandika, tukafunga minyororo kwenye matairi, gari la mbele likamvuta wa nyuma, wa nyuma akatoka akamsubiri anayefuata. Jambo hilo nataka mjukuu wangu alijue kuliko yote. Hatukuulizana gari la kampuni gani. La kampuni ya mkoa wa Lindi, la Ruvuma, la shirika la taifa la usagishaji, la Mhindi wa duka, lote lilivutwa. Kama una spana ya kumi na saba na mwenzio hana, unalala naye mpaka amefunga bolti lake.

Nimekumbuka pia safari yako ya vita. Serikali ilipokusanya malori ya mashirika na ya watu binafsi kupeleka askari na chakula Kagera, mwishoni mwa 1978, ukaitwa wewe na Fiat lako. Tulikusindikiza hadi geti la yadi, mama yako akiwa amefunga kanga kichwani hasemi neno. Uliporudi, gari lilikuwa limefungwa springi kwa kipande cha mti wa mtonga, na wewe ulikuwa umekonda hadi sikukutambua. Hukupumzika hata mwezi, ukapewa mzigo wa Nachingwea. Gari nalo halikupumzika. Spea ziliagizwa, zikasubiriwa fedha za kigeni, fedha za kigeni hazikuwepo. Fundi wetu mkuu alichonga mabushi kwa mpira wa tairi kuukuu. Leo wanasema magari yalikufa kwa sababu ya uzembe, na mimi namkumbuka mtu yule akichonga kwa kisu chini ya mwembe, miwani imefungwa kwa uzi, mpaka jua linazama.

Kisha mwaka 1984 biashara ikalegezwa. Mwenye fedha zake za nje akaruhusiwa kuleta bidhaa, na magari ya watu binafsi yakaongezeka. Siwalaumu, kwa kweli walituokoa na uhaba wa sabuni. Lakini tajiri mwenye lori lake anachagua. Kiangazi anapakia, masika analaza gari nyumbani. Sisi hatukuchagua. Barua ya mkoa ikifika kwamba kuna njaa kijiji fulani, tunakwenda, mvua isiwe mvua. Mzigo wenye faida wakachukua wao, tope tukabaki nalo sisi. Hesabu za mwaka zilipofungwa, tukaonekana sisi ndio tusiojua kazi.

Kufungwa kwenyewe sina haja ya kukuandikia, ulikuwepo. Tulisomewa majina uwanjani tumesimama kwenye jua, na kiinua mgongo kikaja vipande vipande, cha mwisho kikakuta bei zimeshapanda. Yadi imejengwa maghala sasa. Nilipita wiki iliyopita, ule mwembe wa fundi bado upo.

Novemba 2018, malori ya jeshi yalipokuja kubeba korosho, nilitoka nikasimama kando ya barabara asubuhi nzima. Vijana walidhani nashangaa wanajeshi. Nilikuwa naangalia jinsi walivyofunga maturubai. Walifunga vizuri, kamba imepita mara mbili kwenye pembe, kama ulivyonifundisha.

Sasa sikiliza lililotokea mwezi uliopita, ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kimbunga Hidaya kilipopiga mwanzoni mwa Mei, mvua ilizoa barabara pale Somanga. Mjukuu wangu alikuwa njiani, akakwama upande wa huku na semitrela lake zima la saruji. Kwa siku tatu nilikuwa nampigia simu hapatikani. Siku ya tatu usiku akanipigia mwenyewe. Sauti imemkauka. Akasema wamejipanga magari mamia, mabasi na malori, mama mmoja ana mtoto mchanga na maziwa yameisha, yeye amegawa maji yake ya kunywa na mkate wake. Akasema kuna dereva mzee wa basi amewaonyesha jinsi ya kuyapanga magari ili greda lipite. Halafu akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Babu, ninyi mlikaaje siku tisa porini?"

Somo, nililia. Nilitoka nje mama watoto asinione. Sikulia kwa kushinda, maana sikutaka ashindwe mtoto wa watu njaa ikimuuma. Nililia kwa sababu katika miaka yote hii ndiyo mara ya kwanza kuulizwa swali hilo na mtu wa damu yangu.

Amesharudi salama, alhamdulillahi. Jumamosi mbili zilizopita alikuja na daftari jipya, lile la kurasa mia mbili, na kalamu. Anataka tumwambie yote, aandike: namba za magari, nani aliendesha lipi, njia zilipita wapi kabla ya lami, vituo tulivyolala, nani alikufa wapi. Nimemwambia na yale ya abiria aandike, na kwamba nilikula pesa ile. Akanitazama, akaandika.

Lakini mimi kumbukumbu yangu ina matundu. Daftari langu linaanzia 1983. Ya kabla ya hapo unayo wewe, ulikuwa ukiandika kila kitu, hata bei ya chai. Gari namba 14 lilianguka daraja gani, la Lukuledi au lile la kabla ya Ndanda? Hawa wazee wawili wanabishana tangu Idd. Na yule utingo wa kigingi, tunamwita wote kwa jina la utani, jina lake halisi hakuna anayelikumbuka hapa. Kijana ameacha nafasi kwenye mstari, anasubiri wewe.

Njoo, somo. Usiniambie njia, siku hizi Tunduru mpaka Masasi ni lami tupu, unatoka asubuhi jioni uko kwangu. Njoo kabla ya Oktoba, kabla mjukuu hajabanwa na kazi, na uje na madaftari yako yote hata yaliyoliwa na mchwa. Kama shemeji hajapata nguvu ya kusafiri, niandikie tarehe, huyu kijana atakufuata mwenyewe huko huko. Amesema anataka kuiona njia ya Songea akiwa na mtu aliyelala juu yake.

Salamu kwa wote. Mwambie shemeji korosho alizoagiza nimeshazikaanga, nitakupa ukija umpelekee.

Mimi somo yako,
wa Mtwara