Mwanangu, umeniuliza nitaacha lini mlima

Moshi, 14 Desemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, bibi yako hajambo isipokuwa goti lake lile lile, na mdogo wako amefunga shule, kwa hiyo sufuria ya wali sasa haifiki usiku.

Siku ile kwenye simu uliniuliza, "Baba, hivi mlima utaacha lini?" Nikakujibu mzaha, vocha ikakata. Lakini nilikusikia. Mtu anayesomea uuguzi hawezi kumuuliza baba yake wa miaka hamsini na kitu swali kama hilo kwa kutania. Mwaka huu wenyewe tumeonana kwa shida. Likizo ya Agosti ulikuja ukanikuta niko juu, nikashuka wewe umeshapanda basi la Mwanza. Basi acha nikueleze mwaka wangu ulivyokwenda, na jibu lako utalikuta humo humo.

Kazi kwanza, hii ya kuongoza wageni Kilimanjaro, maana ndiyo inayolipa ada yako. Mwanzo wa mwaka ulikuwa mzuri, wageni walikuja mpaka mvua za Machi zilipotufukuza. Karibu safari zote nilipita njia ya Machame, ile wanayoiita Whisky, kwa kuwa Marangu yenye vibanda ndiyo Coca-Cola. Wageni hulipenda sana jina hilo wakiwa bado getini. Wakifika Lava Tower, mita 4,600 na ushee, hakuna anayelikumbuka. Pale getini mizani ni ile ile, mgumu, yaani mpagazi, hapiti na mzigo unaozidi kilo 20. Mimi nilianza nikiwa mgumu enzi ambazo mizani yetu ilikuwa bega la mtu, kwa hiyo kila nikiona kijana anapunguziwa begi pale huwa nafurahi, hata kama tunachelewa kuanza.

Nikusimulie kisa kimoja cha Julai, kwa sababu kinaihusu kazi yako pia. Usiku wa kwenda kileleni tulitoka kambi ya Barafu saa sita kama kawaida. Mgeni mmoja, mwanamume mkubwa wa mwili, mtu wa mazoezi kwao, alikuwa mbele akitusukuma twende haraka. Nilimrudisha nyuma yangu mara kadhaa. Tulipopita mita 5,300 akanyamaza. Mtu akinyamaza kule si lazima iwe taabu, wengi hunyamaza. Ila huyu niliona fimbo yake moja inatua kwenye njia na nyingine inatua pembeni. Nikasimamisha kundi, nikambana kidole kwa kile kipimo cha oksijeni. Kikasoma asilimia 66. Wewe wodini ukiona 66 utapiga kelele. Kule juu, ambako hewa ya kuvuta inakaribia kuwa nusu ya ile ya pwani, 66 yenyewe haitoshi kuniogopesha, nimewahi kuwafikisha kilele cha Uhuru watu wa namna hiyo wakiwa wanaimba. Kilichoniogopesha ni miguu. Nikachora mstari kwa kisigino kwenye changarawe, nikamwambia atembee juu yake, kisigino kiguse vidole, hatua kwa hatua. Hatua ya tatu akaegemea hewa. Nikamdaka koti.

Hapo ndipo kazi ilipo, mwanangu. Njia hata mbuzi angeijua, imekanyagwa. Kazi ni kumwambia mtu aliyelipa mamilioni na kuaga ofisi nzima kwamba safari yake imeishia hapa, gizani, akiwa anaziona taa za wenzake zinapanda. Alinibembeleza, kisha akanitukana, kisha akalia. Nikamwachia msaidizi wangu kundi, mimi na kijana mwingine tukamshika kwapa huku na huku tukateremka naye kwenye vumbi lile la kuporomoka. Barafu hatukukaa, tulimpitisha moja kwa moja mpaka kambi ya Millennium, na kutoka hapo akalazwa kwenye machela ya gurudumu moja. Ilipofika saa nne asubuhi alikuwa anauliza kama kuna supu. Ubongo ukianza kuvimba, dawa ya kweli ni kushuka, na kushuka hakungoji kupambazuke. Hilo unalijua vitabuni, mimi nimelijua miguuni.

Sasa habari za watoto, maana najua mama yako amekwambia kwamba sikai nyumbani hata nikiwa nimeshuka. Ni kweli. Jioni tatu kwa wiki niko kwenye kiwanja cha shule ya msingi na wale wakimbiaji wangu. Walianza wachache, sasa wamejaa mpaka najichanganya majina. Wengine wanakimbia peku kwa kupenda, wengine kwa sababu raba hazipo, na tofauti utaijua siku ukileta raba. Mwezi wa kwanza nilishinda soko la Memorial nusu siku nikichambua za mtumba, nikarudi na mfuko mzima. Muuzaji akaniuliza kama nafungua duka.

Kuna binti mmoja wa kidato cha pili ambaye nakuombea umwone. Mita 1,500 ndiyo mbio zake, ila alikuwa anatoka kwa pupa kiasi kwamba mzunguko wa tatu anaumaliza kwa huruma ya Mungu. Kumwambia "punguza" hakukusaidia, watoto wote huitikia "sawa kocha" halafu wanafanya yao. Nikamtoa kiwanjani, nikampeleka kwenye barabara ya vumbi kati ya migomba, nikamwambia ahesabu nguzo za umeme. Mbili za kwanza waachie wenzako wapite. Ya tatu na ya nne usimpite mtu. Ya tano fanya unavyotaka. Wiki ya kwanza alilia kwa hasira ya kupitwa. Wiki ya tatu akaanza kuwakuta wenzake nguzo ya sita, wamekata pumzi. Kwenye UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ya wilaya akawa wa pili. Mkoani hakufua dafu, waliotoka sehemu nyingine walikuwa moto wa kuotea mbali, lakini alirudi ameshika kiuno, akaniambia, "Kocha, yule wa kwanza naye anahesabu nguzo." Huyo tayari anaona mbio, hazikimbii tu. Nimembandikia kwenye daftari lake jina la Magdalena Shauri na muda wake wa marathoni ya Berlin 2023, saa 2:18:41, nafasi ya tatu, ili ajue kwamba binti wa nchi hii amewahi kufika huko.

Mwishoni mwa Februari tulishuka nao uwanja wa Ushirika kwa Kilimanjaro Marathon. Wadogo walikimbia zile kilomita 5 na kunywa soda. Mimi nilijitosa kwenye 21. Kile kipande cha kupandisha barabara ya Mweka kilinikumbusha kwamba mguu wa mlimani na mguu wa lami ni wa watu wawili tofauti. Mama mmoja mnene wa makamo alinipita pale akinipa pole. Nilimaliza, sikubebwa, na muda wangu sikuonyeshi.

Mvua za masika zilipofunga kazi nilipata nafasi ya kutembea. Mwisho wa Mei nilipanda basi la Babati, nikaendelea mpaka Katesh kumtembelea rafiki yangu wa zamani ambaye naye anafundisha vijana kukimbia. Nilitaka kuona ukanda ule una siri gani. Karatu ndiko alikotoka Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, na Mbulu ndiko alikotoka mzee John Stephen Akhwari, yule wa marathoni. Siri sikuiona. Niliona watoto wanaokwenda shule mbali na kurudi kuchunga, na mwalimu mmoja asiyekosa kiwanjani hata siku ya mvua.

Tukiwa huko tukapanda mlima Hanang, mita 3,420. Usiudharau kwa kuwa si mrefu kama wa kwetu. Hauna vibanda wala wapishi, na mteremko wake haukupi pa kupumzisha goti. Kule mtu ukipanda unakutana na makovu ya matope yale ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoshuka alfajiri na kufukia watu mjini Katesh. Mwenyeji wetu alinionyesha mahali palipokuwa na nyumba za jirani zake. Hakusema mengi, nami sikumuuliza.

Septemba ndiyo iliyonifurahisha kuliko miezi yote, na najua hata wewe ulirusha kelele huko hosteli. Usiku wa kuamkia tarehe 15 nilikuwa napandisha kundi. Tokyo wakati ule ni asubuhi, na mkimbiaji wetu Alphonce Simbu yuko barabarani kwenye marathoni ya mashindano ya dunia. Mlima mzima watu wetu walikuwa wanalijua hilo, maana vijana walibishana tangu kambi ya Karanga kama mwaka huu atapata. Tulifika Stella Point, ukingoni mwa kreta, jua linachungulia nyuma ya Mawenzi. Simu ya msaidizi wangu ikakamata mtandao, ikaanza kulia mfululizo mfukoni. Akavua glavu kwa meno, akasoma, akapiga yowe ambalo wageni walidhani mtu ameanguka. "Simbu kachukua dhahabu! Kamshinda Mjerumani kifua kwa kifua!" Sasa kwenye kundi langu kulikuwa na Mjerumani kweli. Nikampa pole, nikamweleza kwamba wa pili ni wa kwao. Alikuwa ameinamia fimbo zake, hakuinua hata kichwa. Akaniambia huyo wa pili, kama bado ana nguvu, aje ambebe.

Tuliposhuka Mweka ndipo nikaona zile picha. Wote wawili wameandikiwa saa 2:09:48, wametenganishwa na sehemu tatu tu za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, baada ya miaka yote hiyo ya fedha ya Nyambui kwenye Olimpiki ya Moscow 1980 na shaba ya Simbu mwenyewe London 2017. Matokeo yake kwangu ni kwamba kiwanjani sasa hakuna mtoto anayemaliza mbio kwa kawaida. Wote wanarusha kifua. Wanarusha kifua hata kwenye kupasha misuli moto. Kadogo kamoja ka darasa la tatu kalirusha kifua mapema mno, kakatua kwa kidevu kabla ya mstari, kakaamka na kuuliza kama kidevu nacho kinahesabiwa.

Huko kileleni barafu inazidi kwisha. Ile ya Furtwängler tuliyokuwa tunawapigisha wageni picha mbele yake, sasa inabidi niwaonyeshe kwa kidole iko wapi. Wataalamu wanasema tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya mlima imetoweka. Mimi sina haja ya asilimia, naikumbuka ilipokuwa inafika.

Oktoba na Novemba sitaki kuziandika sana. Intaneti ilipozimika wiki ile ya uchaguzi, mama yako alikuwa anakesha na simu kifuani mpaka ulipopatikana kwa simu ya kawaida, na baadhi ya wageni wangu wakaahirisha. Siku zile ndipo nilipokata shauri kwamba mambo ya maana nitakuwa nakuandikia kwa kalamu.

Haya, jibu. Siachi mwakani. Nitapanda mpaka umalize chuo, ila Aprili na Novemba nimewaachia vijana, na safari za kukimbizana, ambapo mtu anashuka leo na kesho anapanda na kundi jingine, nimemwambia bosi sizitaki tena. Alinuna, akakubali. Watoto wa kiwanjani ndio nitakaowapa hizo siku. Nimepima presha wiki iliyopita, 128 kwa 82, na karatasi ninayo, ukija utaikagua mwenyewe. Ukiona kitu hukipendi uniambie mimi kwanza kabla ya mama yako.

Tiketi kata mapema. Unajua Wachaga tukianza kurudi nyumbani kwa Krismasi nauli hupanda kila siku, na mabasi ya Mwanza hayako mengi. Kaa dirishani upande ambao jua halitakuchoma kutoka Shinyanga, na ukipita Singida nisalimie mkoa wa Simbu. Bibi yako anataka sato wakavu, mama yako anataka dagaa, mimi sitaki kitu. Mbuzi tunachinja tarehe 25 asubuhi, na kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, usiniambie tena habari za vijidudu mbele ya wajomba zako.

Halafu kuna jambo moja nimelifanya bila kukuuliza. Februari nimekuandikisha kilomita 21, pamoja nami. Raba namba yako bado ni 39?

Ni mimi baba yako.