Hela ya rangi nimeipeleka juu kwenye slabu

Mwanangu, marahaba baba. Sisi huku Moshi hatujambo, masika imeanza na usiku ndo inapiga kweli kweli. Nakuandikia hivi kirefu maana juzi ulikata simu umenuna, na mimi sitaki ukae na hicho kitu moyoni.

Hela uliyotuma ya kupaka rangi sebule sijapaka. Yote imeenda juu kwenye slabu, hili paa letu bapa la zege. Najua ulitaka wazazi wa mwenzio wakija wasikutane na lile doa la kahawia juu ya shokesi, hata mimi linanitia aibu, lakini tumeshalipaka mara tatu na mara tatu limerudi, rangi inavimba kama ngozi iliyoungua alafu inabanduka.

Jumanne usiku nimeamka nasikia tone, tone. Naenda sebuleni nakuta maji hayadondoki pale kwenye doa, yanatoka kwenye taa, kile kioo chake kimejaa maji nusu na wadudu wanaelea. Nikazima umeme wote kwenye meni swichi, nikakaa gizani na beseni mpaka alfajiri. Ndo nikaamua.

Yule fundi wa zamani unamjua, anapanda, anapaka sementi kwenye ufa, anashuka, mvua mbili tu pamepasuka tena. Huyu niliyempata saivi ni mtu mzima, siku ya kwanza hakugusa sementi, aliomba ndoo za maji tu. Anamwaga kipande kimoja, ananiambia mama kaa chini utazame, tunasubiri nusu saa, anahamia kingine. Tulivyofika kwenye tenki, kule nyuma kabisa juu ya choo, dakika kumi hazijaisha taa ya sebuleni ikaanza kudondosha. Mita sita mwanangu! Maji yanaingia kwenye matundu ya bolti za stendi ya tenki, ambayo mimi na marehemu baba yako ndo tulisema yatobolewe tulipochoka na mgao wa maji, yanakuta lile bomba la kupitishia waya za umeme lililozikwa kwenye zege, yanatembea nalo mpaka kwenye taa.

Alafu pale chooni alipogonga plasta kikaanguka kipande kama sahani, nondo zimevimba kutu. Kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwaiyo inalisukuma zege linapasuka, na likipasuka maji yanaongezeka. Hilo ndo lililonitisha kuliko doa. Na kule juu, tundu la kutolea maji ya mvua kwenye slabu lilikuwa limezibwa na maua na majani ya mjakaranda wa jirani, yameoza mpaka nyasi zimeota. Slabu yetu ni mita 9 kwa 10, maji yakituama sentimita 5 tu ni tani 4 na nusu, na sisi tumelala chini yake.

Tenki limeshushwa, shawa inatoka maji kidogo, utavumilia. Nondo zimesuguliwa kwa brashi ya waya na kupakwa dawa ya kutu, matundu ya bolti yamezibwa, juu kumemwagwa zege jipya jembamba lenye mwinamo kuelekea kwenye tundu, na ile lami ya kuzuia maji ameipandisha ukutani sentimita 15 kuzunguka pande zote. Akaziba tundu akajaza maji yakakaa siku nzima, saa 24, nikawa naingia kila chumba na tochi kuangalia juu. Pakavu.

Unasema tungepaua bati juu tumalize. Sikatai baba, tutapaua, ila kenchi, zile mbao za kubebea bati, na bati zenyewe hiyo hela haifiki, na kufunika nondo zinazooza ni kuficha ugonjwa.

Rangi bado. Zege limelowa miaka yote hiyo, linataka likauke kwanza, masika iishe lipate jua. Kwaiyo ongea na mwenzio, wazazi wake waje mwezi wa saba badala ya wa nne. Kama lazima waje mwezi wa nne waje tu, doa watalikuta, nitawaeleza mwenyewe lilikotoka.