Waandike wote, na wa Tanga pia

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo. Paa la jikoni bado lavuja, lakini si hilo la leo.

Juzi kwenye simu uliniuliza kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyevunja glasi, iwapo ni lazima uwataje ndugu zako wa Tanga kwenye fomu ya kazi. Sikukujibu kwa kuwa shangazi yako alikuwa kakaa pembeni. Nakujibu sasa: wataje.

Ile SF-86 uliyonitumia, fomu ya Marekani ya kuomba kibali cha kushika siri za serikali, nimeisoma kidogo kidogo, simu ikinichomea mkononi. Sehemu ya 18 haiulizi ndugu wa tumbo moja tu. Yauliza wa baba mmoja, mama wa kambo, hata wakwe. Marehemu baba yako alipooa kule nilinuna miaka, wajua, lakini wale ni damu yako. Na Wamarekani wamewatambua kabla ya baadhi ya watu wa mtaa huu.

Ami yako wa Muscat usimpunguze. Ni raia wa Oman, amestaafu polisi ya huko, na hapiti Idi bila kukupigia. Fomu inawataka wageni ulio karibu nao kwa miaka saba iliyopita, na kama wana uhusiano na serikali yao. Usiseme "ni mzee tu". Wanachotafuta ni mtu wa kukubana kupitia sisi: amtishe mamako Mombasa ili wewe utoe siri kule. Kwa hilo siwalaumu, hata mimi ningeuliza.

Huyo mwenzako aliyekwambia uikate pasi ya Kenya kwa mkasi anazungumza mambo ya zamani. Miongozo inayotumika tangu Juni 2017 yasema uraia pacha peke yake si sababu ya kukunyima kibali. Ila kuingia na kutoka Marekani utumie pasi ya Marekani, hapo hapana mchezo. Huku nako Katiba ya 2010 haikunyang'anyi uraia wa kuzaliwa kwa kuwa umeapa kwao. Wala tusijifanye wema kuwashinda: Ibara ya 78 yamkataza mwanajeshi wetu kuwa na uraia pacha.

Kile kiwanja cha Kilifi kilicho kwa jina lako, kiandike. Na zile za M-Pesa za kila mwezi. Usione haya kusema unamlisha mamako.

Kudanganya kwenye karatasi ile kwaweza kukufunga hadi miaka mitano, na kibali ndicho cha kwanza kupotea. Mimi nimefundisha darasa la sita miaka mingi. Aliyesema "nimesahau daftari, mwalimu" nilimwambia alete kesho. Aliyesema limeibwa, nami naliona limechomoza mkobani, huyo tulikwenda pamoja hadi kwa mwalimu mkuu.

Tarehe za kuzaliwa za wale wa Tanga nimeshamwomba mama yao. Ndiyo, nimempigia mwenyewe. Tumezungumza robo saa, zaidi ya miaka yote iliyopita. Wawili wakubwa wana vyeti. Huyu mdogo anakumbuka tu alizaliwa Mfungo Sita, usiku wa Maulidi, na mwaka wanabishana na bibi yake. Kesho baada ya alasiri nitampigia tena.

Mamako