Barua ya wazi kwa Gavana wa Haut-Katanga: usitupangie bei ya unga, nunua mahindi mwezi wa tano

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kutoka soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, ninapouza unga wa mahindi kwa meka, yaani kopo la kupimia, tangu mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni. Leo yuko chuo kikuu. Nalisema hilo mapema ili ujue kwamba nina maslahi yangu katika jambo hili. Biashara ya unga ndiyo inayolisha nyumba yangu, na unga ukipanda mimi pia naumia, maana sisi tunaouuza nasi tunakula bukari, ugali wetu.

Kila mwaka mvua zikikolea, mahindi ya mavuno yaliyopita yanakuwa yamekwisha na mapya bado yako shambani. Bei inapanda, na kilio cha watu kinakuwa kimoja: Leta, yaani serikali, ipange bei. Nawaelewa. Kuna mama wa Katuba aliyekuwa akinunua meka mbili kwa wakati mmoja. Mwezi wa pili anakuja na bakuli, anaomba nusu meka, na kabla ya kulifunika anautazama ule unga kama anayehesabu vichwa vya watoto wake. Akisimama mbele yangu hivyo, hata mimi natamani itoke amri moja ya kumaliza shida yake. Lakini nakuomba, Mheshimiwa, usiitoe.

Niliwahi kuona bei ya unga ikitangazwa. Asubuhi iliyofuata magunia yalikuwa yametoweka mbele ya madepo, maduka ya jumla. Unga ulikuwapo, ila umehamia nyuma ya mlango. Aliyejuana na mwenye depo aliuziwa jioni, kwa bei kubwa kuliko ile ya kabla ya tangazo, kwa sababu muuzaji alikuwa ameongeza humo hofu yake ya faini. Aliyekosa kabisa ni yule asiyejuana na mtu, mama wa bakuli. Mwagizaji ananunua mahindi Zambia kwa kwacha, analipia kamio, yaani lori, na gharama za mpakani Kasumbalesa, ananiuzia mimi kwa dola, nami nauza kwa faranga. Ukiifunga ile bei yangu ya mwisho huku za nyuma yake zikiendelea kupanda, kamio inayofuata haivuki. Itabaki Chililabombwe, upande wa Zambia, au itatafuta soko lingine.

Sheria ya 9 Julai 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani inamwachia muuzaji apange bei yake, isipokuwa kwa vitu vichache. Sheria hiyo hiyo inakataza wafanyabiashara kukaa pamoja na kukubaliana kupandisha bei. Hapo ndipo tunapohitaji jicho la Leta. Mimi mwenye meza moja sina nguvu ya kupandisha bei ya mji mzima. Waagizaji wakubwa wachache wakielewana, wanaweza. Wakaguzi waanzie kwao, ndipo washuke kwenye meza zetu.

Jambo lenyewe hasa ni ghala. Zambia ilipofunga uuzaji wa mahindi nje mwaka 2016, tulilipia hapa. Ilipopigwa na ukame na rais wake kutangaza janga la taifa tarehe 29 Februari 2024, tulitetemeka hapa. Siwalaumu, mtu hutangulia kulisha watoto wake. Wenzetu hao wana chombo cha serikali cha akiba ya chakula tangu miaka ya 1990, kinachonunua mahindi kwa wakulima wakati wa mavuno na kuyatunza. Kina kasoro zake: wakulima wamelalamika mara nyingi kwamba malipo yanachelewa, na hazina yao imebeba mzigo mzito. Tujifunze na hayo pia. Tusianze na makubwa.

Ninachoomba ni jimbo linunue mahindi kuanzia mwezi wa tano, bei ikiwa chini, kutoka kwa wakulima wa Kasenga, Sakania na Mitwaba, na liwalipe pesa mkononi siku hiyo hiyo. Mkulima akijua mnunuzi yupo, mwaka unaofuata atalima zaidi. Kisha mwezi wa kwanza ghala lifunguliwe, mahindi yauzwe kwa wenye mashine za kusaga, hadharani, kidogo kidogo. Aliyeficha magunia akingoja bei ipande zaidi atayatoa mwenyewe. Leta isijigeuze mkulima. Bukanga Lonzo, shamba kubwa la Leta, ilizinduliwa mwaka 2014 kwa ahadi kubwa, na sote tunajua ilivyoanguka.

Pesa zipo, Mheshimiwa. Sheria ya madini ya 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, yaani malipo ambayo makampuni hulipa kwa madini wanayochimba. Kila siku tunayatazama makamio ya shaba yakielekea mpakani. Sehemu ndogo ya mrabaha huo ijenge ghala lisiloingia maji, na itengeneze barabara za mashambani, ambako gunia linaoza likingoja gari. Na zile kamba zinazofungwa njiani kuzuia magari na kudai pesa ziondolewe. Kila kamba ina mtu wake, kila mtu anataka chake, na vyote hivyo vinaishia ndani ya meka yangu.

Kuhusu meka yenyewe: tuma watu waje kuzipima. Nimeona meka iliyogongwa kitako hadi ikaingia ndani kwa vidole viwili. Kwa macho ni sawa na yangu, na bei yake iko chini ya yangu, kwa hiyo mteja anakwenda huko akidhani amepata nafuu. Kupima na kupiga muhuri ni kazi ambayo sisi wenyewe hatuwezi kufanyiana. Waje hata kesho, waanze na yangu.

Wako kwa heshima,
Mama muuza unga, soko la Kenya, Lubumbashi