Safari ya kuwaona watoto tunaowaasili

Mhariri,

Wanaojiandaa kwenda ng'ambo kuwaona kwa mara ya kwanza watoto wanaowaasili huulizana zaidi habari za viza na tiketi. Hayo yana wenyewe. Wakala atakukumbusha hata usipouliza. Mimi na mume wangu tulikuwa na faili nene lenye mihuri yote, lakini hakuna aliyetuambia kwamba mtoto anaweza kukukataa.

Wetu ni ndugu wawili. Mdogo alipotuona alijificha nyuma ya gauni la mlezi wake, kiatu kimoja mkononi, akalia mpaka sauti ikamkauka. Mkubwa hakulia. Alihesabu vifungo vya koti langu, akamaliza, akaanza upya. Zile picha tulizokuwa tukizitazama kila usiku zilikuwa zetu, si zao. Kwao tulikuwa watu baki, wenye harufu ngeni na lugha isiyoeleweka.

Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993, ule wa kimataifa unaohusu kuasili watoto kutoka nchi nyingine, unataka mtoto apewe ushauri na kuelezwa kinachoendelea, kulingana na umri wake, na matakwa yake yazingatiwe. Basi mashirika yaanzie hapo. Picha na sauti zetu ziwafikie watoto mapema, mara tu sheria inaporuhusu, na ratiba iache siku za kukaa tu pale kituoni, mlezi yule yule akiwepo. Sisi siku ya kwanza tulipewa muda wa saa mbili na mpiga picha. Mpiga picha wa nini, sijui mpaka leo.

Siku ya nne mdogo alinikabidhi kile kiatu nimvalishe.

Mama wa wawili