Usininyooshee Lile Paa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mchoro wako umenifikia na nimekaa nao sana. Unalalamika kwamba jengo limetoka bapa, na unataka kununua penseli nyingine. Usinunue. Tatizo liko kwenye madirisha.

Umeyachora kama yamebandikwa ukutani. Kuta za majengo ya kale ni nene, na unene huo huonekana pale dirisha linapozama ndani: ubavu mmoja unapata mwanga, wa pili una kivuli, na chini ya tao giza linakolea kuliko kwingine kote. Chora unene huo, hata kwa dirisha moja tu, uone ukuta mzima utakavyopata uzito. Mistari ya kwanza ichore kwa penseli ngumu ya 2H, lakini usiikandamize, kwani huacha mfereji ambao kifutio hakiuondoi. Giza liachie penseli laini ya 4B. Tofauti yao ni udongo uliochanganywa na grafiti, njia ambayo Mfaransa Nicolas-Jacques Conté aliipatia hataza mwaka 1795: udongo ukizidi, ncha huwa ngumu na mstari hufifia.

Vivuli navyo viwekee mipaka mapema, mara tu ukikaa, kisha ushikilie hiyo hiyo hata jua likisogea. Ukivifukuza, utaishia na asubuhi upande mmoja wa jengo na adhuhuri upande wa pili. Mawe usiyachore yote. Panapopigwa na jua, acha karatasi iwe nyeupe.

Ila kuna jambo nakusihi: rula iweke mbali. Naona ukingo wa paa umeunyoosha, na nina hakika haujanyooka hivyo. Pale lilipobonyea ndipo miaka ilipopita, na ukiparekebisha umelichora jengo jingine. Mwaka 1845 John Ruskin, mwandishi na mchoraji Mwingereza, alikuwa Venice akichora kasri la Ca' d'Oro huku mafundi wakiligongagonga mbele ya macho yake. Alichowahi kukiweka kwenye karatasi kilibaki. Nalikumbuka hilo kila ninapoona jukwaa la mafundi likisimamishwa kwenye ukuta wa zamani, na natamani ungeanza na sehemu ile iliyochakaa zaidi, kabla hawajaifikia.

Rudi saa ile ile uliyochorea mwanzo, ukae na dirisha moja tu. Unitumie, hata kama halijaisha.

Wako daima,
Rafiki yako